Kitendawili cha Nyota: Jinsi Wapenzi wa Bunilizi za Kisayansi Wanavyopimana

Najua wengine mtashangaa: katika jarida la Chama cha Kiswahili, baina ya mashairi na insha za methali, huyu naye anatuletea habari za roketi na roboti! Tulia kidogo. Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Makala haya yanahusu kuuliza, hasa namna ya kuuliza, kwa maana nimeona swali likimvuta mtu karibu, na nimeona swali lilo hilo likimfukuza.

Sisi wapenzi wa bunilizi za kisayansi hapa shuleni tuko saba hivi. Jumamosi baada ya chakula cha mchana hukutana nyuma ya maktaba, kila mmoja na karatasi yake ya maswali mfukoni, tukapimana nani kasoma nini na kakumbuka nini. Wanaopita hudhani tunagombana. La hasha! Huo ni mchezo, nao una historia ndefu na faida yake. Pia una hatari yake, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Bunilizi za kisayansi ni zipi?

Hizi ni hadithi za kubuni ambazo maajabu yake hayaletwi na majini wala waganga, bali na sayansi: ama sayansi tuliyo nayo, ama ile ambayo mwandishi anadhani itakuja. Katika ngano zetu Sungura akisema na Fisi, hakuna anayeuliza ni kwa nini mnyama anasema. Lakini katika bunilizi za kisayansi mashine ikisema, ni lazima tuelezwe: nani aliiunda, inatumia nguvu gani, na itakuwaje siku ikikataa amri?

Hapo ndipo chemshabongo inapozaliwa. Kila hadithi ya aina hii huunda ulimwengu wake wenye kanuni zake. Msomaji asipozishika kanuni hizo kichwani, atapotea njia kama mgeni aliyeshushwa na matatu usiku. Aliyezishika naye hutamani kujua kama mwenzake amezishika. Basi anauliza. Mwenzake anajibu, naye anarusha lake. Hivyo hivyo mpaka kengele inalia.

Desturi hii ilianzia wapi?

Mnamo Aprili 1926, Hugo Gernsback, mzaliwa wa Luxembourg aliyehamia Marekani, alitoa jarida lililoitwa Amazing Stories. Hilo ndilo jarida la kwanza la Kiingereza lililochapisha bunilizi za kisayansi peke yake. Gernsback alitenga kurasa za barua za wasomaji, na barua zikachapwa pamoja na anwani za walioziandika. Jambo dogo, lakini lilizaa makubwa. Kijana aliyechekwa na majirani kwa kusoma "upuuzi" aliona kumbe yuko mwenzake katika mji wa pili. Wakaandikiana. Wakaunda vyama. Wakatoa vijarida vyao wenyewe kwa stensili, wakabishana humo kuhusu hadithi walizosoma: nani kasema nini, na je, kisayansi yawezekana?

Mwezi wa Julai 1939 walifanya mjini New York mkutano wa kwanza walioupa jina la mkutano wa dunia, wakahudhuria watu wapatao 200. Mikutano hiyo ingaliko hata leo, na tangu mwaka wa 1953 imekuwa ikitoa tuzo iitwayo Hugo, kwa heshima ya Bwana Gernsback. Katika mikutano ya wapenzi hawa, mashindano ya maswali ni kama chai katika harusi: hayakosekani.

Lakini mkutano ule wa 1939 una doa. Waandalizi waliwazuia vijana 6 mlangoni kwa sababu ya mizozo ya vyama na ya siasa, wakihofia kwamba wangeleta vurugu. Miongoni mwa waliofungiwa nje alikuwemo Frederik Pohl, aliyekuja kuwa mwandishi na mhariri mashuhuri na kutuzwa Hugo kwa kazi zote mbili. Alikuwemo pia Donald Wollheim, ambaye mwaka wa 1971 alianzisha kampuni ya kuchapisha vitabu vya fani hiyo hiyo. Tafadhali kiweke akilini kisa hiki cha mlango. Nitakirudia.

Maswali ni ya aina ngapi?

Kwa jinsi nilivyoyachunguza, maswali tunayorushiana yako ya aina nne.

Kwanza ni maswali ya kumbukumbu. Haya hutaka jibu moja tu, halina mjadala. Mathalani: katika The Time Machine, kitabu cha H. G. Wells cha mwaka wa 1895, msafiri anapanda mashine ya kumvusha wakati. Je, alifika mwaka gani? Jibu ni mwaka wa 802,701. Ukisema 802,700, utazomewa hadi ujute.

Pili ni maswali ya mtego. Muulize mtu, "Lile zimwi la kitabu cha Mary Shelley liliitwaje?" Tisa katika kumi watajibu upesi, "Frankenstein!" Ole wao! Victor Frankenstein ni yule kijana aliyeliunda. Kiumbe chenyewe hakikupewa jina, na hilo ni sehemu ya uchungu wake: mtu aliyekileta duniani alikitoroka hata kabla ya kukiita. Hapo mtego unafundisha jambo. Tena Shelley alianza kukiandika kitabu hicho akiwa na umri wa miaka 18, sawa na baadhi yetu, kikachapishwa mwaka wa 1818 bila jina lake.

Tatu ni maswali ya ukoo. Haya ndiyo niyapendayo zaidi, kwa sababu hadithi hizi hujibizana kama watunzi wa mashairi ya malumbano. Shelley alisema kwamba kiumbe kilichoundwa kitamgeukia muumba wake. Karibu karne moja baadaye, mwaka wa 1920, Karel Čapek wa Chekoslovakia alichapisha tamthilia ya R.U.R., ambamo watumwa waliotengenezwa kiwandani wanaasi. Aliwaita roboti, kutokana na neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya kulazimishwa, nalo alipendekezewa na nduguye, Josef. Kijana mmoja Mmarekani, Isaac Asimov, akachoshwa na mashine zinazoasi kila kukicha. Mwaka wa 1942, katika hadithi iitwayo Runaround, akazitungia sheria 3: roboti isimdhuru mwanadamu, itii amri zake, na ijilinde, mradi ya nyuma isiivunje ya mbele. Halafu mwaka wa 1968 filamu ya 2001: A Space Odyssey ikatuletea kompyuta HAL, inayowaua wanaanga ilhali ilikusudiwa iwahudumie. Swali la ukoo basi ni hili: nani alimjibu nani, na alimjibu nini? Ukiweza kulijibu, hujakariri tu. Umeelewa.

Nne ni maswali ya "ingekuwaje?" Haya hayana jibu la mkato. Ingekuwaje kama maji ya dunia yangekwisha? Ingekuwaje kama watu wangekatazwa kuota ndoto? Hapa hakuna mshindi, ila kuna kufikiri.

Je, Kiswahili kimo?

Kimo sana! Hili ndilo lililonifanya nipige hodi katika jarida hili bila haya.

Chukua mfululizo wa televisheni wa Marekani uitwao Star Trek, ulioanza kuonyeshwa tarehe 8 Septemba 1966. Afisa wa mawasiliano katika chombo kile cha angani ni mwanamke Mwafrika, Luteni Uhura, aliyeigizwa na marehemu Nichelle Nichols. Jina lake limetokana na neno letu "uhuru". Tena katika kipindi kile kile cha kwanza, kiumbe chenye uwezo wa kujigeuza sura kinamjia kwa umbo la mwanamume na kumsemesha kwa Kiswahili. Katika kipindi kingine cha mwaka wa 1967, Uhura anafutwa kumbukumbu zake na mtambo, na anapofundishwa kusoma upya, Kiswahili kinamtoka kinywani. Mae Jemison, mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kwenda angani, Septemba 1992, amesema waziwazi kwamba Uhura alimtia moyo alipokuwa mtoto.

Sasa usichanganye Uhura na Uhuru. Uhuru ni setilaiti ya kweli, si ya hadithi. Ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, Kenya ilipokuwa ikitimiza miaka 7 ya kujitawala. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahususi kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani. Swali hilo huwakwamisha hata magwiji.

Nnedi Okorafor, mwandishi Mmarekani ambaye wazazi wake ni Wanigeria, alituzwa Hugo mwaka wa 2016 kwa kitabu kiitwacho Binti. Mhusika mkuu ni msichana Mhimba wa Namibia anayetoroka kwao kwenda kusoma chuo kikuu kilicho nje ya dunia yetu. Nasi tuna vyetu. Katika riwaya ya Walenisi ya Katama Mkangi, iliyochapishwa mwaka wa 1995, Dzombo anahukumiwa kifo na kutiwa ndani ya chombo cha angani, nacho kinamfikisha nchi yenye mambo tofauti kabisa. Litamke jina la nchi hiyo polepole: wale-ni-sisi. Mwandishi ametupeleka mbali ili tujione wenyewe.

Swali linapogeuka rungu

Sasa nirudi kwenye mlango niliokuomba uukumbuke.

Muhula mmoja alitujia mwanafunzi mgeni, msichana mpole, akaomba kuketi nasi. Alikuwa amesoma Binti tu, lakini filamu alikuwa ametazama nyingi. Mmoja wetu, jamaa anayejua tarehe kama kalenda, akamrushia maswali matatu mfululizo, yote ya miaka. Hakupata hata moja. Jamaa akacheka, akasema, "Wewe si mpenzi wa fani hii, wewe ni mtazamaji tu." Msichana akachukua daftari lake, akaondoka. Jumamosi mbili hatukumwona.

Alirudi kwa kubembelezwa, na aliporudi alikuja na swali lake. "Katika filamu ya Pumzi," akauliza, "raia wa ule mji huamriwa wameze dawa ya nini?" Kimya! Jamaa wa kalenda akatazama angani. Hakuna aliyejua. Pumzi ni filamu fupi ya Wanuri Kahiu, Mkenya mwenzetu, ya mwaka wa 2009. Inaonyesha wakati ujao ambapo maji yameadimika na watu wanaishi ndani ya mji uliofungwa, wasiruhusiwe kutoka. Dawa ile ni ya kuwazuia wasiote ndoto. Tulijua ya New York mwaka wa 1939, na ya nyumbani hatukuyajua. Yule aliyeitwa mtazamaji tu ndiye aliyetufumbua macho.

Hebu tujiulize: yale maswali matatu ya kwanza yalipima nini? Hayakupima mapenzi wala ufahamu. Yalipima nani alitangulia kufika. Anayeuliza hivyo hatafuti jibu, anatafuta mtu wa kumfungia mlango. Na aghalabu anayefungiwa ni mgeni, ni msichana, au ni yule ambaye kwao hakuna pesa za vitabu.

Katika miaka ya 1970 wajuzi wa Marekani walimsifu sana mwandishi aliyejiita James Tiptree, ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Wengine walidai kwamba maandishi yake hayangeweza kutoka kwa mwanamke. Mwaka wa 1977 ikawa bayana kwamba Tiptree alikuwa Alice Sheldon, mwanamke mtu mzima, ambaye alipokuwa mtoto alisafiri na wazazi wake katika misitu ya Kongo. Walijua kila hadithi yake, ila wao wenyewe hawakujijua jinsi walivyosoma kwa dhana.

Hata hivyo sisemi kwamba maswali ya kumbukumbu hayafai. Ray Bradbury aliandika Fahrenheit 451 mwaka wa 1953 kuhusu nchi ambayo kazi ya wazima moto ni kuteketeza vitabu. Mwishoni tunakutana na watu wanaoishi porini, kila mmoja amehifadhi kitabu kizima kichwani ili kisipotee. Sisi watu wa pwani na bara tunalielewa jambo hilo, maana tenzi zetu nyingi zilihifadhiwa vifuani kabla ya kufika kwa wapiga chapa. Kumbukumbu ni hazina. Lakini wale wa porini walihifadhi ili waje kuwapa wengine, si ili wawacheke.

Nipe mji!

Dawa tuliipata katika fasihi simulizi yetu wenyewe. Bibi akitega kitendawili, watoto wakashindwa, husema nini? "Nipeni mji!" Wanampa Mombasa, au Lamu, au Kisumu. Anaupokea mji, anaringa nao kidogo, kisha anatoa jibu. Tazama busara hiyo. Asiyejua hulipa, lakini haendi kulala bila jibu. Kesho yeye ndiye atakayewatega wengine. Tukakata shauri mchezo wetu ufuate mkondo huo, kwa masharti manne:

1. Asiyejua hutoa mji, na muulizaji ni lazima atoe jibu pamoja na maelezo ya hadithi inakotoka, bila kuufichua mwisho wake.
2. Ukiuliza mwaka, uliza pia maana. "Lini?" iandamane na "kwa nini?"
3. Kitabu, filamu, redio na hadithi ya kusimuliwa, zote ni sawa. Hakuna mtazamaji tu.
4. Aliyeshindwa ndiye anayeuliza swali linalofuata.

Sharti la nne ndilo lililotusaidia zaidi. Kushindwa hakuumizi tena, maana ukishindwa ndiyo zamu yako. Tangu hapo tumeongezeka, na jamaa wa kalenda sasa anajulikana kwa maswali mazuri ya ukoo. Yule msichana ndiye katibu wetu.

Jipime

Kwa wanaotaka kujaribu, haya hapa maswali sita. Usichungulie majibu!

1. Katika riwaya ya kwanza ya Jules Verne iliyompa umaarufu, ya mwaka wa 1863, wasafiri wanavuka Afrika kwa puto. Wanaanzia wapi?
2. Katika The War of the Worlds ya Wells, ya mwaka wa 1898, viumbe kutoka Mars wanawashinda wanadamu kwa silaha. Ni nini kinachowaua?
3. Mwandishi yupi alieleza katika makala ya mwaka wa 1945 jinsi setilaiti zingeweza kusambaza matangazo duniani kote?
4. Katika Sultana's Dream ya mwaka wa 1905, ya Begum Rokeya wa Bengali, ni nani wanaofungiwa nyumbani?
5. Nani wa kwanza kutuzwa Hugo ya riwaya bora miaka mitatu mfululizo?
6. Katika kisa cha Douglas Adams kilichoanza redioni mwaka wa 1978, kompyuta kubwa inaulizwa jibu la maisha, ulimwengu na kila kitu. Inatoa jibu gani?

Majibu: (1) Unguja, au Zanzibar kama alivyoandika. (2) Vijidudu vya maradhi, ambavyo miili yao haikuvizoea. (3) Arthur C. Clarke. (4) Wanaume, huku wanawake wakiendesha nchi kwa sayansi. (5) N. K. Jemisin, mwaka wa 2016, 2017 na 2018. (6) 42.

Hilo la mwisho nimeliweka kwa makusudi. Kompyuta ile ilifikiri kwa miaka 7,500,000 ndipo ikatoa jibu lake. Waliolipokea wakabaki wameduwaa, kwa sababu walikuwa na jibu lakini hawakujua swali lenyewe ni lipi.

Basi, ndugu msomaji, ukitukuta nyuma ya maktaba Jumamosi, usipite. Njoo hata kama hujasoma kitabu kimoja cha fani hii. Utaulizwa, utatoa mji, utapewa jibu, kisha utatuuliza. Kama huna mji wa kutoa, nitakuazima Malindi.